Meya Aliyerudi Darasani

Msikilizaji, kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku unasikiliza. Kama umekaa barazani, sogeza redio karibu, maana leo nina habari ya sheria, ya jiji na ya shule, na zote tatu zimefungamana.

Nianze na sufuria ya wali.

Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika mahakama moja ya mjini kumsubiri jamaa yangu. Kwenye ujia, chini ya ubao wa matangazo, niliikuta sufuria kubwa imefunikwa kwa kitambaa cha maua, na kwenye mkono wake pamefungwa kikaratasi chenye namba ya kesi. Wali uliokuwamo ulikuwa wa juzi yake. Ulikwisha kuchacha, na kila aliyepita alikunja pua. Mwenye sufuria, mama lishe wa makamo, alikaa kwenye benchi la pembeni, kanga ameikaza kiunoni, macho hayabanduki kwenye ile sufuria. Alikuwa amekamatwa na mgambo kwa kupika na kuuza chakula mahali pasiporuhusiwa, na sufuria yake ilikuwa kielelezo cha upande wa mashtaka.

Wakili wake alikuwa binti aliyekula kiapo mwaka uleule, naye alikuwa anamtetea bure. Kesi ilipoitwa alisimama akazungumza vizuri sana. Alitaja Katiba, akataja haki ya mtu kufanya kazi, akataja mashauri ya mahakama za juu. Hakimu alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akamwuliza swali moja tu: sheria ndogo ya jiji inayosema kwamba mahali pale ni marufuku, wakili unayo? Hakuwa nayo. Hakimu akawageukia waendesha mashtaka. Nao hawakuwa nayo. Kesi ikaahirishwa kwa wiki mbili, na sufuria ikabaki palepale.

Tulipotoka nje yule binti aliniamkia, tukasimama kivulini. Akaniambia, "Kaka, katika miaka yote niliyosoma sheria, hakuna mtu aliyewahi kunionyesha sheria ndogo hata moja. Na katika walimu wangu wote, hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye kikao cha madiwani."

Msikilizaji, maneno yale hayajanitoka. Ndiyo yaliyonifanya leo nikuletee habari za mtu aliyepita mahali pote patatu: mahakamani, kwenye jumba la jiji, na darasani. Jina lake ni Kurt Schmoke, na jiji lake ni Baltimore, bandari ya jimbo la Maryland huko Marekani.

Schmoke alizaliwa Baltimore mwaka 1949. Alisoma shule ya sekondari ya serikali palepale jijini, akawa nyota wa timu ya shule katika mpira wa Kimarekani, halafu akaenda Chuo Kikuu cha Yale. Kule Yale alifanya jambo ambalo mimi naliona ni dalili ya mapema: pamoja na wenzake alisaidia kuanzisha kituo cha kulelea watoto, ili wafanyakazi wa chuo, wale wanaofagia na kupika, wapate mahali pa kuwaacha watoto wao wakati wa kazi. Akaenda Oxford, Uingereza, kwa ufadhili wa Rhodes, akarudi kusoma sheria Harvard, akahitimu mwaka 1976. Mtu mwenye vyeti vya namna hiyo angeweza kujikalia New York akahesabu fedha. Yeye, baada ya kufanya kazi kidogo katika ofisi ya mawakili na katika serikali ya Rais Carter, alirudi nyumbani Baltimore akawa mwendesha mashtaka. Mwaka 1982, akiwa na miaka 32, aligombea kiti cha mwendesha mashtaka mkuu wa jiji, kiti ambacho kule hupigiwa kura na wananchi, akamshinda aliyekuwa amekikalia.

Hapa nitulie kidogo, maana ndipo kiini cha habari yake kilipo.

Desemba 1984, askari kanzu mmoja wa Baltimore aitwaye Marcellus Ward alipanda chumba cha ghorofani akijifanya mteja wa heroini. Mwilini alikuwa amefichiwa kinasa sauti. Wenzake walipopanda ngazi kumkamata mwuzaji, mwuzaji akafyatua risasi. Ward akafa, na kinasa kikaendelea kunasa. Faili la kesi likaenda kwa Schmoke. Katika kuitayarisha kesi ile, ilimbidi aisikilize kanda tena na tena.

Sisi watu wa redio tunajua sauti inavyoweza kukaa ndani ya mtu. Picha unaweza kufumba macho. Sauti ukishaisikia umeisikia. Schmoke ameeleza mara nyingi kwamba kanda ile ndiyo iliyomfanya ajiulize swali ambalo hakufundishwa kujiuliza: tunawafunga watu kwa maelfu, tunazika askari wetu, na unga umezidi kuwa rahisi kupatikana. Je, vita hivi tunavyopigana vinatupeleka wapi?

Mwaka 1987 akagombea umeya. Nieleze jambo moja kwa faida yetu sote. Kwetu Tanzania meya huchaguliwa na madiwani wenzake, na kazi nyingi za utendaji ziko kwa mkurugenzi. Kenya, tangu magatuzi yaanze mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010, mambo ya Nairobi na Mombasa yako kwa magavana. Baltimore meya hupigiwa kura na jiji zima, husimamia bajeti, humteua mkuu wa polisi na mkuu wa afya. Taka zisipozolewa au kijana akipigwa risasi kwenye kona ya mtaa, jina linalotajwa ni la meya.

Aliyekuwa amekalia kiti hicho wakati huo ni Clarence Burns, Mweusi kama Schmoke, aliyepanda kutoka uenyekiti wa baraza la jiji pale meya wa zamani alipochaguliwa kuwa gavana wa jimbo. Schmoke alimshinda kwa kura chache katika mchujo wa chama cha Democratic, kisha akashinda uchaguzi wenyewe, na kwa hiyo akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kuwa meya wa Baltimore. Aliyeipanga kampeni yake alikuwa mwalimu wa sheria, Profesa Larry Gibson wa Chuo Kikuu cha Maryland. Gibson huyohuyo baadaye alivuka bahari akawasaidia kupanga kampeni Marc Ravalomanana wa Madagascar na Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia. Kwa hiyo kule njia kati ya darasa na mtaa ilikuwa imekwisha kukanyagwa, na walioikanyaga walikwenda na kurudi.

Miezi michache tu baada ya kuapishwa, Aprili 1988, Schmoke alisimama mbele ya mkutano wa mameya wa Marekani mjini Washington. Kumbuka ulikuwa wakati gani. Rais alikuwa Reagan, na kila mwanasiasa alishindana na mwenziwe kudai vifungo virefu zaidi. Schmoke akawaambia mameya wenzake kwamba umefika wakati wa kujadili kama matumizi ya dawa za kulevya yashughulikiwe na madaktari zaidi kuliko polisi na magereza. Alikumbusha jinsi Marekani ilivyopiga marufuku pombe kuanzia mwaka 1920, ikawatajirisha majambazi, mpaka ilipobidi kuifuta marufuku hiyo mwaka 1933.

Alishambuliwa kila upande. Mwaka uleule Bunge la Marekani liliitisha vikao kuisikiliza hoja yake, na mwenyekiti wa kamati, Charles Rangel wa New York, mwanasiasa Mweusi mwenye heshima kubwa, alimpinga kwa ukali. Wapo waliomwambia kwamba amejifungia mlango wa kupanda juu zaidi kisiasa. Pengine walisema kweli: hakupata kuwa gavana wala seneta. Lakini neno lake hakulimeza.

Msikilizaji, kusema ni kazi moja, na kutenda ni kazi nyingine. Hapa ndipo uanasheria ulipomsaidia. Madaktari walimwambia kwamba sindano zinazotumiwa na watu wengi zinaeneza UKIMWI, na dawa yake ni kuwapa watumiaji sindano safi. Rahisi kusema. Lakini sheria ya jimbo la Maryland ilihesabu sindano ile kuwa kifaa cha kosa. Jiji lingeigawa asubuhi, na polisi wa jiji hilohilo wangewakamata walioipokea jioni. Meya angeweza kupuuza sheria, au angeweza kukata tamaa. Schmoke na mkuu wake wa afya, Peter Beilenson, walikwenda kwenye bunge la jimbo mwaka baada ya mwaka kuomba sheria ibadilishwe, hadi ikapita mwaka 1994. Agosti mwaka huo gari la kwanza likaegeshwa mtaani.

Hebu liangalie lile gari kwa karibu. Mtu anafika na sindano iliyotumika, anaitumbukiza kwenye chombo, anapewa mpya. Moja kwa moja. Anapewa pia kadi yenye namba maalumu badala ya jina, na kadi hiyo ndiyo inayomlinda asishtakiwe akikutwa na sindano ya mpango ule. Kile kikadi, msikilizaji, ni kazi ya mwanasheria. Daktari alijua sindano safi inaokoa maisha. Aliyejua kwamba bila kikadi hakuna atakayethubutu kusogea kwenye gari ni mtu aliyewahi kuendesha mashtaka, anayefahamu askari wa doria anatafuta nini mfukoni.

Habari hii si ngeni kwetu. Pwani yote hii, kuanzia Malindi na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, tunawajua mateja, na wengi wetu tumemzika mmoja wao. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadoni kwa watumiaji wa heroini mwaka 2011. Nenda asubuhi uone foleni ya watu wanaotaka kupona. Swali alilouliza Schmoke mwaka 1988 ndilo linaloulizwa kwenye foleni ile kila siku: huyu ni mgonjwa au ni mhalifu?

Jambo la pili la Schmoke ambalo halipaswi kusahaulika ni mshahara. Viongozi wa makanisa ya Baltimore walikuwa wakigawa chakula kwa maskini, wakagundua jambo lililowashtua: wengi waliopanga foleni walikuwa na kazi. Walifagia majengo ya jiji na kufanya vibarua kwa makampuni yenye zabuni za jiji, lakini mshahara haukuwashibisha. Makanisa hayo, kupitia umoja wao uitwao BUILD, pamoja na chama cha wafanyakazi, wakambana meya. Mwishoni mwa mwaka 1994 Schmoke akatia saini sheria ya jiji: kampuni yoyote yenye mkataba na jiji ilipe si chini ya dola 6.10 kwa saa, wakati kima cha chini cha taifa kilikuwa dola 4.25. Ilikuwa sheria ya kwanza ya aina yake nchini humo, na miji mingi ikaiga. Nayo ilikuwa sheria ndogo ya jiji, ya jamii moja na ile ambayo wakili wetu hakuwahi kuonyeshwa.

Sasa nisije nikakuchorea malaika. Schmoke alitawala Baltimore vipindi vitatu, miaka 12, na jiji aliloliacha lilikuwa na majeraha. Kila mwaka wa miaka ya 1990 watu zaidi ya 300 waliuawa mjini humo, na mwaka 1993 walifika 353. Mwaka 1990 jiji lilikuwa na watu 736,014, na hesabu ya mwaka 2000 ikakuta watu 651,154. Viwanda vilikuwa vinakufa, wenye uwezo wakahamia vitongoji vya nje, na mapato ya kodi yakahama nao. Alipoingia madarakani aliipa Baltimore jina la jiji linalosoma, na maneno hayo yakapakwa rangi kwenye mabenchi ya vituo vya basi. Lakini shule za jiji ziliendelea kudorora mpaka mwaka 1997, pale ilipobidi akubali jimbo liingie katika uendeshaji wake ili zipate fedha zaidi. Kwa mtu aliyeapa kwamba elimu ndiyo itakayokuwa alama yake, lile lilikuwa pigo.

Mwaka 1999 hakugombea tena. Alikuwa bado hajatimiza miaka 50, hakuwa na kesi, na hakuna aliyemfukuza. Aliaga, akafanya uwakili kidogo, na Januari 2003 akachukua kazi ya kuwa mkuu wa Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Baadhi yetu huku tungesema ameshuka: jana msafara na walinzi, leo vikao vya mitihani na maombi ya udahili. Mimi nasema alipanda. Na ili unielewe, sina budi kukueleza Howard ni shule gani.

Howard ilianzishwa baada ya vita vilivyomaliza utumwa Marekani. Shule yake ya sheria ilianza Januari 1869 ikiwa na wanafunzi sita. Walisoma usiku, majumbani na ofisini kwa walimu wao, kwa sababu mchana walikuwa kazini. Mkuu wao wa kwanza alikuwa John Mercer Langston. Mama yake alikuwa mtumwa aliyepewa uhuru. Langston alipotaka kusoma sheria, shule zilimkatalia kwa sababu ya rangi yake, akaenda kujifunza ofisini kwa mwanasheria mmoja wa Ohio mpaka akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1854. Mwaka uliofuata wakazi wa kata ndogo ya Brownhelm wakampigia kura kuwa karani wa mji wao. Baadaye akawa diwani katika mji wa Oberlin. Ndipo akaja Howard.

Unaona, msikilizaji? Wakili, halafu udiwani, halafu uongozi wa shule ya sheria. Njia aliyopita Schmoke ilikuwa imefyekwa zaidi ya miaka 130 kabla yake, na mtu aliyepita humo kwanza hakuwa hata na shule ya kumpokea. Mwaka 1872 shule aliyoiongoza Langston ilimpa shahada Charlotte Ray, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa wakili Marekani.

Halafu mwaka 1929 uongozi ukashikwa na Charles Hamilton Houston. Huyu aliivunja shule ya usiku akaijenga upya kuwa shule ya mchana. Wengi walimlaumu, maana maskini walisoma usiku. Lakini yeye alitaka mawakili wenye makali, na mwaka 1931 shule ikapata utambuzi kamili wa chama cha mawakili cha Marekani. Houston aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mwanasheria ni mhandisi wa jamii, na asipokuwa hivyo ni kupe. Tena hakuwafundisha wakiwa wamekaa. Alisafiri nao hadi majimbo ya kusini, na mwaka 1934 alibeba kamera ya filamu hadi South Carolina akapiga picha shule za watoto Weusi na shule za watoto Weupe, ili siku moja hakimu aone kwa macho yake maana ya neno "sawa".

Mwanafunzi wake bora alikuwa kijana wa Baltimore, Thurgood Marshall. Chuo Kikuu cha Maryland, chuo cha jimbo lake, kilikuwa hakipokei watu Weusi katika shule ya sheria, kwa hiyo Marshall alipanda treni alfajiri kila siku kwenda Howard na kurudi usiku. Mama yake, mwalimu wa shule, aliweka rehani pete zake za ndoa ili kijana alipe ada. Alihitimu mwaka 1933 akiwa wa kwanza darasani. Miaka miwili baadaye, yeye na mwalimu wake Houston walisimama pamoja mahakamani Baltimore wakakilazimisha chuo kilekile cha Maryland kumpokea mwanafunzi Mweusi. Mwaka 1954 Marshall akashinda kesi kubwa kuliko zote, ile ya Brown, iliyotangaza kwamba shule za kibaguzi ni haramu. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Na huyu Marshall tunamdai ujirani. Mwanzoni mwa mwaka 1960 Tom Mboya na wenzake walimwalika awe mshauri wao wa sheria katika mkutano wa Lancaster House, London, wa kujadili katiba ya Kenya. Alipita kwanza Kenya. Mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda Kiambu kwenye mkutano wa wananchi, maofisa wa kikoloni wakamkataza kuhutubia. Akaomba aruhusiwe kutoa salamu ya neno moja tu. Wakakubali. Akasimama akapaza sauti: "Uhuru!" Uwanja ukalipuka. Kisha akaenda London akaandika rasimu ya haki za msingi, na humo hakuwasahau Wahindi wala Wazungu wa Kenya, ambao sasa wangekuwa wachache chini ya serikali ya Waafrika. Mtu aliyetetea wachache maisha yake yote hakubadili kipimo pale watu wa rangi yake walipokaribia kushika mpini.

Basi hilo ndilo darasa ambalo Schmoke alikabidhiwa mwaka 2003. Mtoto mwingine wa Baltimore amefika Howard, safari hii kama mkuu wa shule. Aliiongoza kwa miaka tisa hivi, hadi mwaka 2012. Watazamaji wa tamthilia ya The Wire, inayohusu Baltimore na unga wake, walimwona katika msimu wa tatu, mwaka 2004, akiigiza kama ofisa wa afya katika kisa cha mkuu mmoja wa polisi anayetafuta njia nyingine ya kushughulikia dawa za kulevya. Wazo lililomgharimu mwaka 1988 lilikuwa limeingia sebuleni kwa watu.

Mimi naamini, msikilizaji, na nalisema kwa moyo wangu wote, kwamba mtu aliyeongoza jiji ana deni ambalo kustaafu hakulilipi. Tunasema cheo ni dhamana. Dhamana hurudishwa kwa mwenyewe. Lakini mtu akikaa ofisini miaka 12 hupata kitu ambacho hakikuwa katika makabidhiano: anajua kwa nini sheria nzuri hufia kwenye kabati la idara ya fedha, anajua mkandarasi anavyouzungusha mkataba, anajua makosa yake mwenyewe. Ujuzi huo ulilipiwa na wananchi, wakati mwingine kwa damu yao. Akienda nao kaburini, amewadhulumu. Na wa kupewa ni vijana wanaojifunza sheria, kwa sababu wao ndio watakaoandika sheria ndogo zijazo, watakaotetea na watakaoshtaki.

Na ninaposema ujuzi, nasema pamoja na kushindwa. Mwalimu aliyeshinda kila kitu anafundisha nusu ya somo. Mtu aliyekwenda mazishini kwa miaka 12 katika jiji lililofika kupoteza watu zaidi ya 300 kwa mwaka akikwambia sheria peke yake haitoshi, unamsikiliza.

Mwaka 2014 Schmoke alirudi nyumbani kabisa, akawa rais wa Chuo Kikuu cha Baltimore. Na mwaka 2016, chini ya uongozi wake, chuo hicho kiliingia katika mpango wa serikali kuu wa kuwapa wafungwa elimu ya chuo kikuu, kikaanza kufundisha ndani ya gereza la Jessup, kusini mwa jiji. Tafakari jambo hilo. Mwanasheria aliyewahi kuwapeleka watu gerezani akawa mkuu wa chuo kinachopeleka walimu gerezani. Mfungwa anasoma, anapata alama zilezile wanazopata wanafunzi wa chuo mjini, na siku akitoka hatoki na hati ya kuachiliwa peke yake.

Turudi kwetu. Oktoba 1961, chini ya miezi miwili kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam, Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU, na kitivo chake cha kwanza kabisa kilikuwa cha sheria. Wanafunzi hawakuzidi 15. Waliokianzisha walijua kwamba nchi isiyo na wanasheria wake itaandikiwa sheria na wengine. Leo tunao mawakili kwa maelfu. Kinachopungua ni ile njia ya kwenda na kurudi. Diwani akimaliza kipindi chake anarudi dukani. Mkurugenzi wa jiji akistaafu anakwenda shambani. Katibu wa kamati ya mipango miji, aliyeshika mafaili miaka 30, anafanyiwa tafrija, anapewa zawadi, basi. Hakuna shule ya sheria inayogonga mlango wake kumwambia: njoo Jumanne mbili kwa mwezi, utuletee sheria ndogo, utueleze zilitungwa vipi, nani alipinga, wapi mlikosea.

Na yule wakili wetu? Wiki zile mbili hakukaa bure. Alikwenda ofisi za jiji siku tatu mfululizo, akaelekezwa dirisha hili na lile, mpaka mzee mmoja wa masijala akamtolea jalada. Haikuruhusiwa kutoka nalo, kwa hiyo akaketi akainakili sheria ndogo kwa mkono. Kiambatanisho cha nyuma kilikuwa na orodha ya mitaa iliyopigwa marufuku. Mtaa wa mteja wake haukuwamo. Kesi ikafutwa. Mama akachukua sufuria yake ikiwa na kutu ukingoni, akaisugua kwa mchanga palepale kwenye bomba la mahakama, akaondoka nayo kichwani.

Yule mzee wa masijala, msikilizaji, alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu. Kama wewe ni mkuu wa shule ya sheria na unanisikia, watu kama yeye wapo katika kila halmashauri. Wahi kabla hawajafunga mizigo.